Wingi wa Sababu Si Kinga ya Mzembe

Kuna utetezi unaosikika karibu katika kila shauri la fidia, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa: madhara haya yana sababu nyingi, na mdai ameshindwa kuonyesha ni ipi hasa iliyomdhuru. Marehemu alikuwa mvutaji wa sigara. Mama mjamzito alichelewa kufika hospitali. Barabara ilikuwa na mashimo, na abiria hakufunga mkanda. Wakili wa mdaiwa huzitaja moja baada ya nyingine, na zikishafika nne au tano humweleza hakimu kuwa palipo na sababu zote hizo, uzembe wa mteja wake hauwezi kuthibitishwa. Mara nyingi mno anasikilizwa, na mdai anarudi nyumbani mikono mitupu huku gharama za kesi zikimsubiri.

Hoja hiyo inapata nguvu kwa sababu inaafikiana na mazungumzo yetu ya kila siku. Ajali haina kinga, tunasema. Siku zake zilikuwa zimefika. Msibani maneno hayo yana kazi yake. Yanampa mfiwa mahali pa kuegemea, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu unaanza pale yanapoingia mahakamani, mjane akaambiwa kwamba kwa kuwa waliochangia kifo cha mumewe ni wengi, basi hakuna wa kumjibu. Msimamo huo unakubalika kwa wengi, wakiwemo mawakili ninaowaheshimu, watu wa kampuni za bima na hata baadhi ya mahakimu. Nao ni kosa. Sheria ileile wanayoitegemea iliukataa kitambo.

Sheria hiyo tuliirithi. Kenya ilipokea sheria ya kawaida ya Uingereza, ile iliyojengwa na majaji kesi baada ya kesi, kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Uingereza za baada ya hapo hazitufungi, lakini katika mambo ya uzembe mahakama zetu huzinukuu kila uchao. Ndiyo maana inafaa kuzisoma zote, badala ya kuchagua zile mbili tatu zinazomfaa mdaiwa.

Nianze na iliyo muhimu kuliko zote. Huko Leith, bandari ya mji wa Edinburgh, Scotland, palikuwa na kiwanda cha kusubu vyuma cha kampuni ya Bonnington Castings. Mfanyakazi mmoja alikaa miaka minane katika karakana ya kusafishia vyuma vilivyosubiwa. Chuma kikitoka kwenye kalibu huwa kimegandwa na mchanga, na mchanga huo ukigongwa na kusagwa hutoa vumbi la silika, laini kiasi kwamba chembe zake zinazoua hazionekani kwa macho. Katika karakana ile vumbi lilitoka sehemu mbili. Sehemu kubwa ilitoka kwenye nyundo ya upepo, na zama hizo hakukuwa na njia iliyojulikana ya kulizuia vumbi la nyundo. Kwa hiyo mwajiri hakuwa na kosa kwa vumbi hilo. Sehemu ndogo ilitoka kwenye mashine za kusagia, ambazo kanuni za mwaka 1925 ziliagiza ziwe na mabomba ya kufyonza vumbi. Mabomba yalikuwepo. Yaliachwa yakaziba.

Mfanyakazi yule akaugua mapafu. Sasa fikiria wakili wetu wa utetezi akisimama katika kesi hiyo. Angekuwa na kila alichokitamani: sababu mbili, moja halali na moja ya uzembe, ile halali ndiyo kubwa, na hakuna daktari duniani anayeweza kupasua pafu akatenganisha chembe ya nyundo na chembe ya mashine. Hakuna aliyeweza kusema kwamba bila lile vumbi la uzembe mtu huyu angebaki mzima. Hata hivyo, mwaka 1956, Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilimpa ushindi. Mmoja wa majaji wake, Lord Reid, alieleza kwamba mdai halazimiki kuonyesha kuwa uzembe ulitosha peke yake kuleta ugonjwa, wala kuwa ndio uliokuwa sababu kuu. Inatosha kuonyesha kuwa ulichangia kwa kiasi cha maana, na mchango wowote usio wa kupuuzwa ni wa maana.

Watu husahau jambo moja kuhusu hukumu hiyo. Lord Reid huyohuyo alisisitiza kwamba mzigo wa kuthibitisha unabaki mabegani mwa mfanyakazi, na akakataa uamuzi wa nyuma uliotaka kumhamishia mwajiri. Mfanyakazi aliubeba mzigo wake mwenyewe, kwa mizania ya kawaida ya uwezekano, akashinda. Kwa hiyo anayesema kwamba kanuni ya mchango wa maana ni huruma tu kwa wanyonge, au ni kumpindulia mdaiwa mzigo kwa hila, hakuisoma hukumu yenyewe. Kilichobadilika ni swali ambalo ushahidi unatakiwa kulijibu.

Swali la zamani ni hili: je, kama mdaiwa asingezembea, madhara yasingetokea? Ni swali zuri, na sitaki kulitupa. Katika miaka ya 1960 walinzi watatu wa usiku jijini London walikunywa chai, wakaanza kutapika, wakaenda hospitali. Daktari wa zamu hakuja kuwaona. Alimwambia muuguzi kwa simu kwamba waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja wao akafa. Ikagundulika kuwa chai ilikuwa na sumu ya aseniki, na kwamba hata angelazwa mara moja, dawa ya kuikata isingemfikia kwa wakati. Daktari alizembea, lakini uzembe wake haukubadilisha chochote, na mjane akakosa fidia. Uamuzi huo ni sahihi. Penye sababu moja inayojulikana, swali la zamani linafanya kazi yake vizuri.

Linashindwa pale sababu zinapokuwa mbili na kila moja inajificha nyuma ya mwenzake. Minnesota, Marekani, moto uliotokana na kampuni ya reli ulikutana na moto mwingine ambao chanzo chake hakikufahamika, na mioto hiyo ikateketeza mali ya mtu. Kampuni ikauliza: hata kama moto wetu usingekuwepo, si ule mwingine ungeiunguza mali hiyohiyo? Kwa swali la zamani, jibu lingeiachia kampuni iende zake. Na endapo moto wa pili ungekuwa na mwenyewe, naye angejitetea kwa maneno hayohayo, na mali iliyobaki majivu mbele ya macho ya kijiji kizima ingehesabika kuwa haikuchomwa na mtu. Mahakama ya Minnesota ilikataa upuuzi huo mwaka 1920. Kanuni inayofikia mahali pa kusema kwamba moto hauunguzi imevuka mpaka wake wa matumizi.

Historia inatuonyesha pia ugonjwa huu wa kutafuta sababu moja ulitoka wapi. Katika Uingereza ya karne ya 19, mdai aliyekuwa na chembe ya uzembe wake mwenyewe alipoteza kila kitu. Majaji waliona ukatili wa kanuni hiyo, lakini hawakuwa na mamlaka ya kugawa lawama, basi wakabuni njia ya kuikwepa: atakayelipa ni yule aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kuepusha madhara. Kesi inayokumbukwa ni ya punda, mwaka 1842. Mwenye punda alimfunga miguu ya mbele akamwacha barabarani ale majani. Gari la farasi likaja kwa kasi, likamkanyaga, akafa. Mwenye punda alilipwa, kwa kuwa mwendesha gari ndiye angeweza kumkwepa mwishoni. Majaji walilazimika kujifanya kwamba kifo kile kilikuwa na sababu moja, wakati kila aliyekuwepo aliona mbili. Mwaka 1945 Bunge la Uingereza liliwaondolea ulazima huo kwa sheria ya kugawa lawama. Kenya ina kanuni hiyohiyo katika Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, na Tanzania katika sheria yake, Sura ya 310. Anayesimama leo kudai sababu moja anatumia dawa ya ugonjwa ambao Bunge lilishautibu.

Na mahakama zetu wenyewe, zikiwa kwenye ajali za barabarani, hazina shida na jambo hili hata kidogo. Mwaka 1971, katika kesi ya Lakhamshi, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kuwa ushahidi ukionyesha kwamba dereva mmoja au wote wawili lazima wana makosa, na haiwezekani kutenganisha nani alikosa zaidi, basi wote wabebe lawama nusu kwa nusu. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilifuata njia hiyohiyo mwaka 2006 katika kesi ya Lento Agencies. Mara ngapi basi na lori vimegongana usiku, kila dereva akaapa kwamba mwenzake ndiye aliyehama upande, na alama za matairi zimekwisha kufutwa na mvua? Hakimu hasemi kuwa kwa vile ukweli haufahamiki, abiria waliokatika miguu warudi nyumbani. Anagawa lawama, kesi inaisha.

Nitajibiwa kwamba pale swali ni nani mwenye kosa, na si nini kilichosababisha madhara. Ni tofauti ya kweli, lakini haibebi uzito inaowekewa. Katika hali zote mbili kuna mtu asiye na hatia aliyeumia, kuna waliokiuka wajibu wao au waliozungukwa na kila dalili ya kuukiuka, na kuna pengo la ujuzi ambalo aliyeumia hakulitengeneza. Tumekubali kulivuka pengo hilo barabarani kwa zaidi ya miaka 50. Sijasikia sababu ya maana ya kusimama ukingoni kila mdaiwa anapokuwa kiwanda, mgodi au hospitali.

Ubaya wa msimamo huu unaonekana wazi zaidi katika mashauri ya asbesto. Mesotelioma ni saratani ya utando unaofunika mapafu. Huchukua miaka 30 au zaidi kujitokeza, na sayansi haiwezi kusema ni chembe zipi za asbesto zilizoianzisha. Wafanyakazi kadhaa nchini Uingereza walikuwa wamevuta asbesto kwa waajiri zaidi ya mmoja, kila mwajiri akiwa amekiuka wajibu wake wa kuwakinga. Katika Mahakama ya Rufani walishindwa wote, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuonyesha mwajiri yupi hasa ndiye aliyempa chembe ya kifo. Angalia maana yake. Mwajiri mmoja akizembea, analipa. Wakizembea wawili, halipi hata mmoja. Kadiri wazembe wanavyoongezeka ndivyo wajibu unavyopungua, mpaka mtu aliyedhulumiwa maisha yake yote na kila aliyemwajiri anakuwa ndiye mwenye haki ndogo kuliko wote. Mwaka 2002, katika kesi ya Fairchild, Bunge la Malodi liliutengua uamuzi huo. Lord Rodger alikumbusha kwamba hata wanasheria wa Roma ya kale walilikabili tatizo hili: watu kadhaa wakimpiga mtumwa mpaka akafa, na haijulikani ni pigo la nani lililomuua, wote wanawajibika.

Wapinzani wangu wana silaha yao, na ni nzito, kwa hiyo niiweke mezani bila kuipunguza makali. Ni kesi ya Wilsher ya mwaka 1988. Mtoto alizaliwa njiti, akapewa oksijeni kupita kiasi kwa sababu mpira wa kupimia uliingizwa kwenye mshipa usiostahili. Baadaye akapoteza uwezo wa kuona. Oksijeni iliyozidi huweza kuleta upofu wa watoto njiti, lakini palikuwa na hali nyingine nne, zote za kawaida kwa watoto wa namna hiyo, ambazo nazo huhusishwa na upofu huo. Bunge la Malodi lilisema kuwa kuongeza sababu moja inayowezekana juu ya nyingine nne hakuthibitishi kwamba hiyo ndiyo iliyotenda, na likaamuru kesi isikilizwe upya.

Sidai kwamba Wilsher ilikosea. Nadai kwamba inatumiwa mahali pasipo pake. Katika shauri lile hapakuwa na ushahidi uliokubalika kuwa oksijeni ilishiriki hata kidogo. Huenda ilihusika, huenda haikuhusika kabisa. Kule Leith ilikuwa hakika kwamba vumbi la uzembe liliingia kwenye mapafu yaleyale na kuzidisha dhara lilelile. Hayo ni mambo mawili, na wakili anayemwambia hakimu kwamba Wilsher imefuta kila dai lenye sababu nyingi anampotosha.

Mwaka 2016 Baraza la Faragha la London, ambalo enzi za ukoloni ndilo lililokuwa mwisho wa rufaa zetu, liliuweka mpaka huo wazi katika shauri kutoka kisiwa cha Bermuda. Mgonjwa alifika hospitali kabla ya saa sita mchana akiwa na maumivu makali ya tumbo. Kipimo cha tumbo kilifanyika jioni, na upasuaji ukaanza saa tatu na nusu usiku. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, na usaha umesambaa tumboni. Sumu yake ilidhuru moyo na mapafu. Ucheleweshaji wa kizembe ulizidi saa mbili. Hospitali ilijitetea kwamba maambukizi yalikwishaanza kabla, kwa hiyo haiwezi kujulikana kama kuwahi kungesaidia. Baraza likasema kuwa maambukizi yalikuwa mchakato mmoja uliokuwa ukiendelea kukua saa baada ya saa, na zile saa za uzembe zilikuwa sehemu ya ukuaji huo. Hospitali ikawajibika. Mama wangapi wa Afrika Mashariki wamepoteza mtoto au uhai wenyewe kwa mtiririko wa namna hiyo, damu ikiendelea kuvuja wakati daktari wa zamu anatafutwa, halafu familia ikaambiwa kwamba mgonjwa alikuja akiwa tayari ana hali mbaya? Kuja na hali mbaya ndiyo sababu ya kuja hospitali.

Hoja ya mwisho ya upande wa pili ni haki kwa mdaiwa: kwa nini mtu alipe kwa madhara ambayo wengine nao wameyaleta? Naichukulia kwa uzito wake. Lakini hiyo ni hoja kuhusu kiasi cha kulipa, na haiwezi kuwa hoja ya kutolipa kabisa. Ugonjwa unaogawanyika, unaozidi kadiri vumbi linavyozidi, fidia yake inaweza kugawanywa pia. Katika shauri la Holtby la mwaka 2000 mahakama ya Uingereza ilimpunguzia mfanyakazi asilimia 25 kwa ajili ya miaka aliyovuta asbesto kwa waajiri wengine. Mesotelioma haigawanyiki, na mwaka 2006 majaji walipotaka kila mwajiri alipe sehemu yake tu, Bunge la Uingereza liliingilia mwaka huohuo likatunga sheria kwamba mgonjwa wa mesotelioma alipwe yote na yeyote kati yao, kisha wao wadaiane. Njia zote mbili zinatetewa na watu makini. Hakuna hata moja inayomwacha aliyeumia bila kitu.

Kenya nayo imekwisha kuonyesha kuwa ugawaji huo unawezekana hata lawama zikiwa za wengi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa shilingi bilioni 1.3, ikagawa wajibu kati ya walioendesha kiwanda na vyombo vya serikali vilivyopaswa kukisimamia. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, na Mahakama ya Upeo ikairudisha Desemba 2024. Dai lao lilisimama juu ya haki za kikatiba zaidi kuliko uzembe, lakini hesabu ya wajibu ilikuwa ileile, na ilifanyika.

Kuna pia suala la nani anashika ushahidi. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinasema anayedai athibitishe, na kila wakili anakijua kwa moyo. Kifungu cha 112 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba jambo lililo katika ujuzi wa pekee wa upande mmoja ni juu ya upande huo kulithibitisha, na hicho hakisikiki sana. Nani anajua ni saa ngapi daktari wa zamu aliitwa na saa ngapi alifika? Nani ana kitabu cha matengenezo ya breki za basi? Faili la mgonjwa likipotea, aliyelipoteza si mgonjwa. Mtu aliyeshindwa kupima, kuandika au kutunza kumbukumbu hawezi kuruhusiwa kuligeuza pengo alilolitengeneza mwenyewe kuwa utetezi.

Twende Mererani, Simanjiro, kwenye machimbo ya tanzanite. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa huko, wanashuka mashimoni kwa kamba na ngazi, wanachoronga mwamba, wanalipua, wanarudi kwenye moshi na vumbi kabla havijatulia. Wengi kwa miaka mingi wamefanya kazi bila mshahara, wakingoja mgawo jiwe likionekana. Vumbi la kuchoronga lina silika, ileile ya Leith. Kuchoronga kwa kutumia maji hulipunguza sana, na jambo hilo linajulikana migodini kote duniani. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, humwongezea mtu hatari ya kupata kifua kikuu, na kijana akianza kukohoa damu, tayari sababu zimekwisha kuwa tatu: vumbi, kifua kikuu, na sigara alizovuta. Wapo watakaosema kwamba Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi usiouliza uzembe wa mtu. Upo, na ni jambo jema, lakini kijana asiye na mwajiri anayekubali kuitwa mwajiri atauona mlango wa mfuko huo kwa mbali tu. Kilichobaki kwake ni kesi ya uzembe.

Katika kesi hiyo daktari ataulizwa swali. Akiulizwa kama vumbi ndilo lililoleta ugonjwa, atajibu kwa uaminifu kwamba hawezi kusema, na shauri litakufa hapo hapo kizimbani. Wakili wa mdai amuulize hivi: je, vumbi lililozidi kwa sababu mwamba ulichorongwa mkavu lilichangia kwa kiasi cha maana hali ya mapafu haya? Daktari akijibu ndiyo, na mwenye mgodi akiwa hana kipimo hata kimoja cha vumbi cha kuonyesha, basi uwajibikaji umethibitishwa. Sigara za kijana ziingie baada ya hapo, kwenye hesabu ya asilimia.